Tela la kulala la kujitengenezea: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Haya ni maswali ninayoulizwa sheli, kwenye geti la gesti, na kwa simu na watu waliopewa namba yangu na watu nisiowajua. Nimeyapanga kuanzia yale ya mtu anayewaza tu hadi ya yule aliyekwisha kufunga tela nyuma ya gari. Majibu yangu yanatokana na tela moja dogo nililolijenga Moshi na kulivuta barabara za Tanzania, na makosa niliyoyafanya nayataja kama yalivyo.

## Kabla ya kununua chuma

Unauza nini humo?

Hili ndilo swali la kwanza kila mahali. Siuzi chipsi, siuzi aiskrimu, na si gari la maiti. Ni chumba cha kulala cha magurudumu mawili: ndani kuna godoro, nyuma kuna mlango unaofunguka kwenda juu, na chini ya mlango huo kuna jiko. Unapika ukiwa umesimama nje, unalala ndani. Huwezi kusimama ndani, wala hakuna haja.

Wamarekani walianza kuvipenda vitela vya namna hii miaka ya 1930, vikiwa na umbo la tone la maji. Majirani zetu wa Afrika Kusini wamevipa miguu mirefu na tairi za porini. Wengi wenu mmewaona wakipita na gari zao kuelekea kaskazini. Langu liko katikati: umbo la sanduku, maana tone la maji linataka plaiwudi ikunjwe, na mimi nilitaka nimalize.

Kwa nini nisilale tu ndani ya Noah, au kwenye hema?

Lala. Kama unasafiri mara mbili kwa mwaka, kunja viti vya Noah, weka godoro, na fedha ya kununulia chuma ikusaidie kwa mengine. Sisemi hivi kwa unyenyekevu. Tela ni kitu cha kutunza, na likikaa bure uani linaoza beringi na kuwa nyumba ya kuku.

Tela linaanza kuwa na maana pale gari lako linapojaa watu na mizigo, unapotaka kuacha kitanda kambini na kwenda kuzunguka na gari, au mgongo unapokataa kulala chini. Hema ni zuri mpaka usiku wa mvua ya upepo.

Gari langu linaweza kulivuta?

Kinachoamua ni uzito ambao mtengenezaji ameruhusu kuvutwa, kisha breki, na nguvu ya injini inakuja mwisho. Gari nyingi zetu zimetoka Japani na kitabu chake kiko kwa Kijapani, kwa hiyo tafuta kitabu cha Kiingereza cha modeli na injini hiyohiyo. Angalia tarakimu mbili: uzito wa tela lisilo na breki, na uzito unaoruhusiwa kukandamiza kirungu cha kuvutia, ile tufe ya chuma inayofungwa nyuma ya gari. Usivuke hata moja kati ya hizo.

Mimi nilijiwekea lengo la kilo 450 tela likiwa tupu na kisizidi 600 likiwa na kila kitu. Hata kwa sheria za Ulaya, tela lisilozidi kilo 750 kwa ujumla wake halilazimishwi kuwa na breki zake, nami naiona hiyo ni dari, si lengo. Prado au Hilux haitalisikia. RAV4 italivuta vizuri ukiwa na subira milimani. Kigari cha injini ndogo kitafika, lakini klachi au giaboksi utailipia baadaye.

Litakuwa na ukubwa gani?

Nenda duka la magodoro kwanza, duka la chuma baadaye. Godoro la futi 4 kwa 6 linapatikana kila mji, na plaiwudi inauzwa karatasi ya futi 4 kwa 8. Sakafu yako tayari imeshapimwa: futi 4 upana, futi 8 urefu, futi 6 za kulala na karibu futi 2 za jiko nyuma.

Watu wengi huniambia, "Weka 5 kwa 6 bwana, tujinafasi." Fikiria magurudumu. Sanduku la futi 4 likikaa katikati ya magurudumu, umbali kati ya tairi na tairi unatoka karibu sentimita 155, sawa na gari la kawaida. Kwenye barabara ya vumbi tela linafuata mifereji ileile iliyochimbwa na tairi za gari. Ukiweka futi 5, tairi za tela zinatoka nje kwa sentimita kama 15 kila upande, zinapanda kingo, na wewe usukani unauhisi unavutwa siku nzima. Mimi na mke wangu tunalala kwenye 4 kwa 6. Tumezoea. Mtu mwenye kimo cha zaidi ya futi 6 aongeze urefu wa chumba na apunguze jiko, kisha akashone godoro la kupima.

Itanigharimu kiasi gani?

Bei za chuma hazikai, kwa hiyo tarakimu ya leo ingekudanganya mwezi ujao. Nitakwambia mgawanyo: kwangu karibu nusu ya fedha iliishia chini ya sakafu, yaani chasisi, ekseli, springi, tairi na kirungu. Robo nyingine ilikwenda kwenye mbao, bati na rangi. Iliyobaki ilimezwa na vitu vidogo ambavyo hakuna anayevihesabu: bawaba, raba za mlango, riveti, silikoni, nyaya.

Kama bajeti inabana, punguza juu. Mlango unaweza kubadilisha mwakani, ekseli mbovu haikupi mwakani.

Nimpe fundi wa mageti anichomelee?

Fundi wa mageti na madirisha ni hodari kwa kazi yake, na geti halitikiswi kilomita 500 kwa siku. Wengi wao wamezoea kushika kwa nukta nukta, kusaga na grenda hadi ing'ae, na kupaka rangi. Kwenye geti hiyo inatosha.

Kwa chasisi tafuta fundi anayeunda matela ya trekta au bodi za malori. Mwambie akuchomelee kipande cha majaribio, kisha kikateni katikati muone kama moto umezama au umekaa juu tu kama ute wa konokono. Fundi mzuri hatanuna. Mbao, umeme na rangi unaweza kufanya mwenyewe nyumbani kwa jioni za miezi mitatu hivi, kama TANESCO haikukatizi.

## Chini ya sakafu

Chuma gani cha chasisi?

Nilitumia bomba la mraba la milimita 50 kwa 50, unene milimita 3, kwa fremu na mkono wa kuvutia. Milimita 2 ni nyepesi na inatosha kwa vipande vya katikati vinavyobeba sakafu tu. Bomba la geji nyembamba la kutengenezea viti vya shule usilitumie popote.

Mkono wa mbele usiishie kwenye bomba la kwanza la fremu. Uingie chini ya tela hadi karibu na ekseli, ushikwe mahali pawili au patatu. Pale mkono unapokutana na fremu ndipo tela zima linapojikunja kila linapopita shimo. Mimi nilichomelea pale kukatisha bomba, mstari ukaenda kutoka upande hadi upande. Baada ya safari mbili niliona rangi imepasuka, na katikati ya mpasuko kamstari ka kutu chembamba kama uzi. Nikidhani ni rangi tu, nilikwaruza kwa kucha; uzi ukaendelea. Ilibidi tukate, tuweke bamba pande zote mbili na kuchomelea kufuata urefu wa bomba badala ya kulikatisha. Tangu hapo kila nikisimama kujaza mafuta napapasa pale.

Ekseli nitaipata wapi? Ya kirikuu inafaa?

Ya kirikuu inavutia kwa sababu inakuja na springi zake bapa na vipuri vipo kila kona. Ina matatizo mawili. Kwanza ni nyembamba, maana gari lenyewe halizidi mita 1.48 kwa upana, kwa hiyo sanduku la futi 4 haliingii kati ya tairi zake. Itabidi likae juu yake, na tela linakuwa refu kwenda juu. Pili ina difu, lile bonge la gia la katikati linalozungusha magurudumu, uzito unaobeba bila faida. Ukiitumia, usitoe shafti ukidhani unapunguza uzito, kwa sababu shafti ndizo zinazoshika magurudumu. Acha difu na oili yake.

Nilichofanya: nilinunua hubu (vitovu vinavyofungwa magurudumu) na beringi za nyuma za gari linaloendeshwa na tairi za mbele, fundi akaziunga kwenye bomba nene kwa upana niliotaka. Hakikisheni pande mbili zimenyooka kabla ya kuchomelea moja kwa moja. Ekseli iliyopinda kidogo tu inakula tairi kama msasa, na utaijua kwa tairi kulika upande mmoja.

Chagua hubu zenye mpangilio wa bolti sawa na wa gari lako. RAV4 ina bolti 5 kwenye duara la milimita 114.3, Prado na Hilux nyingi zina 6 kwenye milimita 139.7. Ikilingana, ringi ni zilezile na tairi moja la akiba linatumika mbele na nyuma.

Springi je? Nyingi ni bora?

Hapana. Kosa la kawaida ni kufunga springi za Hiace kwenye tela la kilo 500. Haziinami kabisa, tela linaruka kama mbuzi, na kila kilicho ndani kinavunjika: mayai kwanza, kisha riveti, kisha betri. Punguza majani, yaani zile bapa za springi zilizopangwa moja juu ya nyingine, hadi tela lishuke sentimita chache ukipakia mizigo yote. Shokapu mbili za gari dogo zinatuliza sana, japo watu huziona anasa.

Uzito wa pua ni nini na kwa nini kila mtu anausisitiza?

Pua ni ile ncha ya mbele inayokaa juu ya kirungu. Inatakiwa ikandamize kwa karibu sehemu ya kumi ya uzito wote wa tela. Tela la kilo 500, pua ya kilo 50. Ikiwa nyepesi mno, nyuma inaanza kutikisika kushoto kulia, na ukikanyaga breki za gari mtikisiko unazidi.

Hilo nalijua kwa ngozi yangu. Safari ya kwanza niliweka madumu matatu ya maji ya lita 20 jikoni, nyuma kabisa, kwa sababu ndiko maji yanakohitajika. Kilo 60, sentimita 80 nyuma ya ekseli, ni kama kuinua pua kwa karibu kilo 20. Pua ilikuwa na 40. Kwenye mteremko, mwendo wa 90, kioo kikaanza kunionyesha tela upande wa kushoto, kisha kulia, kisha kushoto zaidi. Nilitoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani bila kuupindisha, nikaacha lipoe lenyewe. Mke wangu hakusema neno hadi tuliposimama. Kisha akasema, "Hamisha maji."

Kupima ni rahisi. Weka mzani wa bafuni juu ya tofali, simamisha kipande cha bomba juu yake hadi kimo cha kirungu, shusha pua hapo tela likiwa limenyooka na limepakiwa kama la safari. Tela zima unaweza kulipimia kwa wauza mahindi, gurudumu moja moja, kama mzani wao ni wa jukwaa. Wakati wa kujenga, weka ekseli nyuma kidogo ya katikati ya sanduku. Kwa sanduku la mita 2.44, langu liko mita 1.46 kutoka mbele.

Kirungu cha kuvutia ni kimoja kwa gari zote?

Hapa watu huponzwa na milimita. Vya Ulaya na Afrika Kusini ni milimita 50. Vya Kimarekani vya kawaida ni inchi 2, yaani milimita 50.8. Kichwa cha 50, yaani kile cha kwenye pua kinachofunika kirungu, juu ya kirungu cha inchi 2 hakishuki hadi mwisho na kinaweza kuonekana kimefunga wakati hakijafunga. Kichwa cha inchi 2 juu ya cha 50 kinacheza. Pima kwa kalipa, usiamini stika. Halafu weka minyororo miwili ya akiba, ipishane chini ya pua.

Nahitaji breki kwenye tela?

Chini ya kilo 600, na gari zito linalovuta, nimeishi bila breki. Ukipita hapo, au gari lako ni dogo, weka breki za kusukuma, zile zinazojifunga pua inaposukumwa nyuma. Zinataka kurekebishwa mara kwa mara. Soma pia swali la mlima Kitonga huko chini.

## Juu ya sakafu

Mbao gani na plaiwudi gani?

Fremu ya ndani ni msonobari mkavu, ule wa Sao Hill unauzwa kila mahali. Usitumie mninga. Uzuri wake unaujua. Uzito wake utaujua milimani. Sakafu ni marini bodi ya milimita 18, kuta plaiwudi ya milimita 6 nje na 4 ndani. Marini bodi ya kumwagia zege inavumilia maji kuliko plaiwudi ya dari, ila kila ukingo unaoukata lazima uupake rangi ya mafuta au gundi kabla ya kuufunga. Maji huingilia ukingoni.

Nje nilifunika kwa bati laini la aluminiamu. Wengine hutumia yale mabamba ya kupambia maghorofa, na vipande vilivyobaki kwa mafundi wa vioo hupatikana kwa bei ya kupatana.

Linavuja. Nifanye nini?

Kwanza usiongeze silikoni juu ya silikoni. Ingia ndani usiku, mtu nje azungushe tochi kwenye maungio; mwanga unapoingia, maji yanaingia. Toa kila kitu pale, safisha, rudisha kwa gundi ya kuzibia bodi za magari isiyokauka ngumu, maana tela linajipinda na silikoni ya bafuni inabanduka. Juu ya mlango weka mchirizi mdogo wa aluminiamu. Paa liwe na mteremko kidogo. Maji yaliyotuama yatapata njia tu.

Halichomi kama oveni?

Linachoma ukilijenga kama kontena. Kati ya kuta mbili nilijaza ile foamu nyeupe inayokuja na friji na televisheni, niliikusanya madukani bure. Paa nililipaka nyeupe. Dirisha dogo kila upande, juu lina wavu wa mbu, na kipande kinachofunguka kwenye paa. Hewa ya moto inatoka juu, ya baridi inaingia pembeni. Tanga na Bagamoyo bado utatoka jasho; feni ndogo ya volti 12 inasaidia.

Usifunge kila kitu kwa kuogopa mbu. Watu wawili wakipumua usiku kucha kwenye sanduku lililofungwa, asubuhi kuta zinatiririka na godoro linanuka mwezi mzima.

Vumbi linaingia hata nikifunga mlango. Linatoka wapi?

Nyuma ya tela linalokimbia hewa inapungua msukumo, kwa hiyo vumbi linavutwa ndani kupitia kila tundu la mlango wa nyuma. Raba peke yake haitoshi. Dawa ni kuingiza hewa kutoka mbele: tundu dogo juu, linaloelekea mbele, limewekwa kipande cha foamu ya godoro kuchuja. Hewa inayoingia inasukuma kutoka ndani kwenda nje na vumbi linakosa njia. Nilipoweka hilo, shuka zilianza kufika zikiwa na rangi yake.

Mtungi wa gesi ukae wapi?

Wa kilo 6 unatosha wiki kadhaa. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatambaa chini na kutuama. Sehemu ya mtungi iwe na matundu sakafuni yanayotoka nje, na iwe na ukuta usiopitisha kuelekea kitandani. Funga mtungi kwa mkanda na ufunge koki kabla ya gari kuondoka. Langu lina ubao wa kukatia vitunguu unaofunika jiko. Koki isipofungwa, ubao haukai. Nilijilazimisha hivyo kwa sababu najijua.

## Umeme

Nyaya za taa za tela zinaungwaje?

Kwa plagi ya pini 7 ya mtindo wa Ulaya, rangi ni hizi: njano ni indiketa ya kushoto, kijani ya kulia, nyeupe ni ardhi, nyekundu ni breki, nyeusi ni taa ya nyuma kushoto, kahawia ya nyuma kulia, buluu ni taa ya ukungu. Fundi asiyefuata rangi hizi atakuachia fumbo la kufumbua gizani. Asilimia kubwa ya taa zinazokufa kwangu chanzo ni ardhi: waya mweupe umefungwa kwenye chuma kilichopakwa rangi. Kwaruza hadi kung'ae, funga, paka grisi.

Sola ya wati 100 inatosha?

Kwa taa, feni na simu, inabaki. Kwa friji, hapana. Friji ndogo ya volti 12 ya wati 45 ikifanya kazi nusu ya siku kwenye joto inakula karibu ampea-saa 45 (kipimo cha chaji ya betri). Paneli ya wati 100 siku nzuri inarudisha kama 27. Betri ya kawaida ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu, itakufa mapema. Kwa hiyo friji inataka wati 200, au inataka uendeshe kila siku na kuchaji kutoka kwenye gari. Sisi tuliuza friji tukanunua kontena la barafu. Samaki wa Pangani hawakai siku mbili hata hivyo.

## Karatasi

Tela linahitaji namba zake?

Ndiyo, tela husajiliwa peke yake na hubeba namba zake. Usisubiri limalizike. Kabla ya kukata bomba la kwanza, nenda TRA na kwa trafiki, eleza unachotaka kujenga, andika wanachohitaji. Tunza risiti zote za EFD za chuma, ekseli na tairi, na picha za kila hatua. Kuthibitisha kwamba vipuri si vya wizi ni rahisi zaidi ukiwa na risiti. Gonga namba ya chasisi kwenye chuma mahali panaposomeka. Kwenye bima, hakikisha tela limetajwa.

Trafiki hawakusumbui?

Wananisimamisha, zaidi kwa kushangaa. Taa zikiwaka zote, reflekta zipo, pembetatu mbili na kizimamoto vipo, tunaishia kufungua mlango wa nyuma aone jiko. Mmoja aliuliza kama kuna chai. Ilikuwepo.

## Barabarani

Niende mwendo gani?

Mimi 80, hata pale barabara inaponibembeleza. Vijijini 50 kama kawaida, na wewe zaidi ya wengine, maana umbali wa kusimama umeongezeka. Kuovateki lori kunataka nafasi karibu mara mbili. Ukipita Mikumi, ile barabara iliyokatiza hifadhi kwa takribani kilomita 50, nenda pole: twiga haangalii tela.

Matuta niyapiteje?

Hili lingestahili ukurasa wake. Makosa hayapo kwenye kupanda tuta, yapo baada ya kushuka. Dereva akishahisi tairi za nyuma zimevuka anakanyaga mafuta kama alivyozoea, wakati tela ndiyo kwanza linafika. Linapigwa likiwa kwenye mwendo. Hesabu kwa sauti: moja ni tairi za mbele, mbili za nyuma, tatu za tela. Usiongeze mwendo kabla ya tatu. Watoto wetu sasa wanaimba wenyewe, "Mojaaa, mbili, taa-tu!" tangu Same hadi Korogwe. Kwa yale madogo madogo ya mfululizo, shuka hadi mwendo wa miguu na ukubali kupigiwa honi.

Kitonga inapandika? Na kushuka?

Kupanda ni suala la gia ndogo na kutazama geji ya joto. Fuata lori, usiwe na haraka. Kushuka ndiko kwenye kazi, kwa kuwa tela lisilo na breki linakusukuma. Ingia gia ya chini ukiwa bado juu, sio katikati. Acha injini ishike, kanyaga breki kwa vipindi vifupi na uziache zipoe. Ukinusa breki, tafuta pa kusimama penye usalama. Automatiki nayo ina L au 2 kwenye ile gia. Zimewekwa kwa kazi hiyo.

Kurudi nyuma kunanishinda.

Kila mtu. Shika usukani kwa chini. Mkono ukienda kulia, nyuma ya tela inakwenda kulia. Tela fupi linajikunja haraka kuliko refu, hivyo songa kidogo, ukiona limepinda nenda mbele unyooshe, anza upya. Jifunze kwenye uwanja wa mpira siku isiyo na mechi. Na tela la kilo 450 lina faida moja: ukichoka, lifungue ulisukume kwa mikono.

Tunalala wapi?

Chaguo letu la kwanza ni ua wa gesti au wa misheni. Unamweleza mhudumu kwamba hutaki chumba, unataka kuegesha na kutumia choo na bafu. Mnakubaliana kiasi, kuna ukuta na mlinzi. Mlinzi mpe chakula cha jioni, atakulinda kama ndugu. Kambi za wasafiri zipo pia, nyingi kando ya njia kuu za kusini na kaskazini. Kwenye hifadhi za TANAPA kuna maeneo ya kambi na unalipia kwa namba ya malipo. Beba kitambulisho cha NIDA, viwango vya raia ni tofauti sana na vya wageni.

Kijijini usiegeshe tu. Tafuta mwenyekiti au mtendaji kabla jua halijazama, jitambulishe, sema unaondoka lini. Kando ya barabara kuu usilale, hata ukichoka vipi.

Masika naweza kusafiri?

Lami, ndiyo. Njia za udongo mweusi wa mbugani, acha hadi zikauke. Gari peke yake linaweza kujinasua. Likiwa na tela linageuka nanga. Mkikwama, fungueni tela, toeni gari kwanza, kisha mlivute kwa kamba ndefu kutoka pakavu.

Na choo?

Ndoo yenye mfuniko, mfuko na pumba za mbao, kwa dharura za usiku. Mchana, vituo vya mafuta. Porini, jembe dogo na shimo la kiganja kimoja, mbali na maji.

## Maswali ya pembeni

Watoto wanaweza kukaa ndani ya tela tukiwa safarini?

Hapana. Hata kilomita moja, hata wakilia.

Njombe kuna baridi. Tuingize jiko la mkaa kidogo tu?

Hapana pia, na hii naomba uisome mara mbili. Hewa ya sumu ya mkaa haionekani wala hainuki, na sanduku hili ni dogo kuliko choo cha nyumbani kwako. Mkaa unaofifia ndio mbaya zaidi. Ongeza blanketi, jaza chupa ya maji ya moto, vaa soksi. Foamu ya ukutani iliyozuia joto la Tanga inazuia na baridi ya Njombe.

Bajaji au pikipiki inaweza kuvuta?

Hili, hapana. Kwa pikipiki kuna watu wanaunda vitela vya kilo chache vya hema. Ni kazi nyingine kabisa.

Nina tela la mizigo tayari. Nijenge juu yake?

Ndiyo njia ya mkato nzuri kuliko zote, kwa sharti ulikague kwanza: nyoosha kamba kutoka pua hadi kila gurudumu uone kama umbali ni sawa, fungua beringi, gonga kutu kwa nyundo. Mengi yana springi za kubebea nondo, kwa hiyo rudi kwenye swali la springi.

Tunaweza kuvuka kwenda Kenya?

Tumevuka. Beba kadi ya usajili ya tela pamoja na ya gari, na bima ya Kadi ya Njano ya COMESA inayotaja vyote viwili. Tanzania inaitoa japo si mwanachama wa COMESA. Gari na tela vitaandikiwa kibali cha muda. Holili foleni huwa fupi kuliko Namanga, angalau siku tulizopita sisi. Ofisa wa upande wa pili alizunguka tela mara moja, akachungulia dirishani, akauliza, "Mnauza nini?"